Folda ya Tabora Isipofunguka Kigoma

Malalamiko huwa yale yale katika kila ofisi yenye tawi: "Intaneti ipo, WhatsApp inaingia, barua pepe zinatoka, ila folda ya makao makuu imegoma." Mhasibu wa Kigoma anataka majedwali ya malipo yaliyo kwenye kompyuta ya Tabora. Anabofya, kiduara kinazunguka, kisha linatokea dirisha lenye namba ndefu asiyoielewa. Anapiga simu. Mwenzake wa Tabora anamjibu kwamba hapo kwake folda inafunguka bila shida. Wote wawili wanasema kweli.

Nawaandikia wale wanaopigiwa simu hiyo: maofisa TEHAMA wa halmashauri na vyama vya ushirika, mafundi wanaoitwa kwa siku moja moja, na hasa wale ambao hawakuisomea kazi hii lakini ofisini ndio "wanaojua kompyuta". Mitandao ya ofisi mbili ikishaunganishwa, watu hudhani mafaili nayo yamefika. Si hivyo. Ujumbe unaotoka Kigoma kwenda kwenye folda ya Tabora hupita mikono kadhaa, na mkono wowote unaweza kuuzuia bila mwingine kujua. Kazi ya fundi ni kujua umezuiwa wapi kabla hajabadilisha hata kitu kimoja.

Njia hii ya magharibi ina historia ya mizigo kusimama katikati. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya moja kwa moja ilifungwa. Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta mvumbuzi Livingstone, alipofika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, aliukuta mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe ya Novemba 1, 1870. Mfuko ulikuwa umetoka Zanzibar, ukafika Unyanyembe, ukakaa hapo. Ulimfikia mwenyewe Ujiji mwishoni mwa 1871, baada ya Stanley kuzunguka upande wa kusini. Aliyezituma barua zile alikuwa na haki ya kusema zimeondoka, na aliyezingoja alikuwa na haki ya kusema hazijafika. Swali la maana lilikuwa: zimesimama wapi? Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na katika miaka yetu umekuja Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Swali halijabadilika.

Kwanza jua mmeunganishwa kwa njia gani

Ni ajabu jinsi ofisi nyingi zisivyojua jibu la hili. Kuna ofisi zinazolipia kwa mtoa huduma laini maalumu kati ya tawi na makao makuu, na hapo mtoa huduma mwenyewe hubeba ujumbe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyingine hutumia intaneti ya kawaida, kisha ruta za pande mbili hujenga VPN, yaani njia ya faragha yenye usimbaji ndani ya intaneti ya wote. Kama ni laini maalumu, mwenye majibu ya njia ni mtoa huduma. Kama ni VPN, majibu yamo ndani ya ruta zenu, na mtoa huduma atakwambia kwa haki kabisa kwamba kwake kila kitu ni kizima.

Kwa wenye VPN kuna jambo linalowatesa sana walio kwenye ruta za laini ya simu. Mitandao ya simu mara nyingi haimpi mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti; wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, hakuna anayeweza kukupigia kutoka nje. Wewe ndiye unayepaswa kupiga. Kwa hiyo, kama Tabora ina laini ya mkongo yenye anwani maalumu ya umma na Kigoma iko kwenye laini ya simu, panga VPN ianzishwe na Kigoma siku zote, na uiwekee mpangilio wa kutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde kadhaa ili isilale. Kama pande zote mbili ziko nyuma ya anwani za pamoja, itabidi pawe na seva ya tatu katikati.

Ukikodi hiyo ya tatu, jitahidi iwe ndani ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Ofisi mbili za ukanda mmoja zinazoonana kwa kupitia seva ya Ulaya hukatika siku kama hiyo, ingawa waya wa kati yao uko salama. Zinazokutania Dar es Salaam zina nafasi kubwa zaidi ya kuendelea na kazi.

Anwani zinazogongana

Hapa ndipo ninapotaka uanze uchunguzi, hata kama una hakika tatizo liko kwingine. Ruta nyingi za dukani hutoka kiwandani na anwani ya 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Tabora wakinunua moja, Kigoma wakanunua nyingine, na pasiwe na mtu aliyebadilisha chochote, ofisi zote mbili zitakuwa na safu ile ile ya anwani. Kompyuta ya Kigoma ikiambiwa itafute 192.168.1.5, inaamini huyo ni jirani wa chumba cha pili. Inamwita humo humo ndani, haijibiwi, inakata tamaa. Ujumbe haukutoka nje ya jengo. VPN inaweza kuonyesha taa ya kijani mwaka mzima na faili lisipite hata moja.

Fungua dirisha la amri katika kompyuta moja ya kila upande, andika ipconfig, na ulinganishe. Namba tatu za mwanzo zikifanana, umelipata tatizo. Dawa yake ni kubadilisha safu ya upande mmoja, na upande wenye vifaa vichache ndio uhame. Mpe Tabora, tuseme, 192.168.10, na Kigoma 192.168.20. Kimbia 192.168.0 na 192.168.1 kwa pande zote, kwa sababu siku mkuu wa ofisi atakapotaka kuingia akiwa nyumbani, ruta yake ya nyumbani nayo itakuwa na hizo hizo. Ukihama, kumbuka vifaa vilivyoandikiwa anwani kwa mkono: printa, mashine ya fotokopi, kamera, mashine ya kidole ya mahudhurio. Vikisahauliwa hubaki kwenye safu ya zamani, na kesho asubuhi utaitwa kwa sababu "printa haisomi".

Ipo mbinu ya kuacha anwani zigongane na kuzitafsiri katikati ya njia. Inafanya kazi. Siipendekezi kwa ofisi ndogo, maana fundi ajaye atakuta kompyuta moja ina majina mawili na hatajua lipi ni la kweli.

Kupima njia hatua kwa hatua

Anwani zikishatofautiana, pima kutoka kompyuta ya Kigoma ukielekea Tabora, usiruke hatua. Tuma ping kwa ruta ya Kigoma yenyewe, 192.168.20.1. Ikijibu, tuma kwa ruta ya Tabora kwa anwani yake ya ndani, 192.168.10.1. Ikijibu, VPN inapitisha. Kisha tuma kwa printa ya Tabora kabla ya kugusa seva, yaani ile kompyuta yenye folda. Nasisitiza printa kwa sababu printa nyingi hujibu kila anayeita, wakati Windows ina mazoea ya kunyamaza mbele ya mgeni. Printa ya Tabora ikikujibu ukiwa Kigoma, njia nzima ni salama na tatizo lako liko ndani ya seva. Hiyo peke yake inaokoa nusu siku ya kubishana na mtoa huduma.

Ruta ya Tabora ikijibu lakini hakuna kingine nyuma yake kinachojibu, shuku njia ya kurudi. Huenda ofisi ya Tabora ina ruta mbili: ya zamani iliyokuja na laini ya kwanza, na mpya iliyoletwa kwa ajili ya VPN. Seva imeelekezwa kutokea kwenye ile ya zamani. Ujumbe kutoka Kigoma unaingia kwa ruta mpya na kuifikia seva, seva inajibu, lakini jibu linapelekwa kwa ruta ya zamani isiyojua Kigoma iko wapi, nayo inalitupa. Ukiwa Kigoma unaona kimya, ukiwa Tabora unaona kila kitu kizima. Ielekeze seva itokee kwa ruta yenye VPN, au, iliyo bora zaidi, iambie ruta ya zamani kwamba safari yoyote ya 192.168.20 ipelekwe kwa mwenzake. Printa nayo iangaliwe hivyo hivyo. Iliyoandikiwa anwani kwa mkono mara nyingi haina anwani ya kutokea kabisa, na hapo itakudanganya kwa kimya chake.

Katika ruta zenyewe, angalia mambo mawili. La kwanza: kila upande umetajiwa safu ya mwenzake. Wanaotumia WireGuard wanajua jinsi orodha ya anwani zinazoruhusiwa ikikosewa upande mmoja inavyoacha VPN hai lakini tupu. La pili: ruta inapotoa kompyuta zako kwenye intaneti huzivika anwani yake ya nje. Ujumbe wa kwenda kwenye tawi haupaswi kuvikwa hivyo. Katika MikroTik, ambazo zimejaa ofisini kwetu, kanuni ya kuupitisha ujumbe wa tawi kama ulivyo lazima ikae juu ya ile ya kuwavika wote. Zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayofaa ndiyo inayoshika.

Kutoonekana na kutofikika

Wengi hufungua dirisha la mtandao la Windows, wasipoiona kompyuta ya Tabora wanahitimisha kwamba hakuna muunganisho. Majina yanayojitokeza pale hutokana na kompyuta kujitangaza kwa majirani zake, na tangazo hilo haliruki ruta. Kigoma haitaiona Tabora pale hata siku mambo yote yakiwa sawa. Tuseme seva ni 192.168.10.5 na folda inaitwa malipo; andika mwenyewe juu kwenye sehemu ya anwani: \\192.168.10.5\malipo. Ikifunguka, ulikuwa huna tatizo la mtandao, ulikuwa na tatizo la jina. Ofisi yenye seva ya kikoa (domain) itaelekeza kompyuta za Kigoma ziulize majina kwa seva hiyo. Ofisi isiyo nayo inaweza kuandika jina na anwani kwenye ruta ya Kigoma, au kwenye faili la hosts la kompyuta mbili tatu zinazohusika.

Utakutana na ushauri wa kuwasha toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili, ili majina yaonekane. Usifanye hivyo. Toleo hilo ndilo lililopitiwa na WannaCry Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ingawa Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka ule. Kama una kifaa cha kuhifadhia mafaili kilichozeeka kiasi kwamba hakijui toleo jingine, kibadilishe.

Faiwoli ya Windows

Nataka tukae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, na hapa ndipo watu wanapofanya kosa kubwa la kuizima faiwoli yote.

Unapowasha ushirikishaji wa mafaili kwenye Windows isiyo kwenye kikoa, faiwoli hufungua njia, lakini kwa kawaida hufungua kwa mtandao wa ndani tu. Mwenye anwani ya 192.168.10 anakaribishwa, wa 192.168.20 ni mgeni, na mgeni hajibiwi. Ndiyo maana ofisi ya Tabora inafungua folda bila shida huku Kigoma ikipata namba 53 au 0x80070035, zote mbili zikimaanisha kwamba aliyeitwa hakupatikana. Hata ping inaweza kunyimwa jibu kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo usiiamini peke yake. Ili kupima poti 445 inayotumiwa na SMB, fungua PowerShell kwenye kompyuta ya Kigoma na uandike Test-NetConnection 192.168.10.5 -Port 445. Mstari wa mwisho ukisema True, umefika mlangoni kwa seva na faiwoli imekupitisha. Ukisema False wakati printa ya jirani inajibu, faiwoli ya seva imekuzuia.

Dawa ni kwenda kwenye seva, kufungua mipangilio ya juu ya faiwoli, kutafuta katika kanuni za kuingia ile ya ushirikishaji wa mafaili na printa inayohusu SMB, na kwenye wigo wake kuongeza 192.168.20.0/24. Ongeza safu hiyo tu. Usiandike kwamba yeyote anaruhusiwa. Kisha hakikisha Windows inauhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa faragha, si wa umma. Ukibadilisha ruta, Windows huweza kuuona mtandao kuwa mpya na kuuweka kwenye kundi la umma bila kukuuliza, na kanuni uliyoirekebisha jana ikawa haitumiki leo. Programu ya kuzuia virusi nayo inaweza kuwa na faiwoli yake juu ya ile ya Windows. Kama ipo, irekebishe hiyo.

Kuizima faiwoli kwa dakika mbili ili kuthibitisha kwamba ndiyo inayozuia ni jambo la kawaida kwa mafundi. Kuondoka ukiwa umeiacha imezimwa ni kuiacha ofisi wazi. Na usifungue kamwe poti 445 kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kama mkubwa anataka folda ifunguke kutoka Dodoma leo hii. Mpe VPN. Ndani ya folda zile mna majina ya wakulima, namba zao za simu, akaunti zao na madeni yao ya pembejeo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde, awe halmashauri au chama cha msingi chenye kompyuta mbili.

Mlango umefunguka, jina limekataliwa

Namba ikibadilika kutoka 53 kwenda 1326 au 5, furahi. Umeshafika kwenye seva, na sasa unaulizwa wewe ni nani. Namba 1326 inasema jina au nywila si sahihi. Namba 5 inasema umetambuliwa lakini huna ruhusa. Namba 67 ina maana seva imepatikana ila folda uliyoitaja haipo, kwa kawaida herufi imekosewa.

Katika ofisi isiyo na kikoa, akaunti ya mhasibu wa Kigoma lazima iwepo kwenye seva ya Tabora pia, na nywila yake. Watu wengi wamezoea kufungua kompyuta kwa PIN ya tarakimu nne, nao huiandika pale wanapoulizwa nywila ya folda. PIN haitoki nje ya kompyuta yake. Akaunti isiyo na nywila nayo hukataliwa na Windows ikija kwa njia ya mtandao, hata kama mezani inafunguka kwa kubofya tu. Unapoandika jina, tanguliza jina la seva na mkwaju, kwa mfano SEVA\uhasibu, ili Windows isidhani unaizungumzia akaunti ya kompyuta ya Kigoma.

Kama nywila ilibadilishwa majuzi, kompyuta ya Kigoma huenda bado inatuma ya zamani kimya kimya. Fungua sehemu ya Windows inayohifadhi nywila, futa ya seva hiyo, ingia upya. Ukipata namba 1219, maana yake tayari kuna muunganisho mwingine kwa seva hiyo hiyo kwa jina tofauti. Andika net use * /delete, ukijua kwamba amri hiyo inakata folda zote zilizounganishwa, kisha anza tena.

Ruhusa ziko za aina mbili, za ushirikishaji na za folda yenyewe, na anayekuja kwa mtandao hupata ile iliyo finyu zaidi kati ya hizo mbili. Aliyepewa kuandika kwenye folda lakini kusoma tu kwenye ushirikishaji, atasoma tu. Wape ruhusa makundi, si mtu mmoja mmoja, na ufanye jaribio kwa akaunti ya mhasibu mwenyewe. Ukijaribu kwa akaunti ya msimamizi utaona kila kitu kinafunguka na utaondoka ukiwa umeridhika bure. Ile desturi ya zamani ya kuacha folda wazi kwa mgeni asiye na jina imefikia mwisho. Windows za sasa huikataa, na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, limekaza zaidi. Tengeneza akaunti.

Na kama jana ilifunguka, leo haifunguki, na hakuna aliyegusa kitu, uliza kama umeme ulikatika. Umeme ukirudi, ruta inaweza kuipa seva anwani nyingine. Itengee seva anwani moja ya kudumu. Kompyuta ya zamani iliyoishiwa betri ndogo ya ubao mama huamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na kwenye kikoa tofauti ya saa inayozidi dakika tano inatosha kukataliwa. Kagua saa kabla ya kukagua nywila. Na kama "seva" yenu ni kompyuta ya kawaida ya mezani, izuie isilale, na ujue kwamba Windows ya aina hiyo hupokea miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja.

Inafunguka, lakini inaganda

Kuna hali inayowachanganya hata wazoefu: orodha ya mafaili inaonekana, faili dogo linafunguka, kubwa linaganda katikati. VPN huongeza uzito wake kwenye kila kifurushi, na kifurushi kilichokwisha kujaa hakipiti tena. Pima kwa ping -f -l 1472 kuelekea kifaa cha Tabora kinachojibu ping ya kawaida. Ikikataa, punguza namba mpaka ipite. Ongeza 28 juu ya namba iliyopita, na huo ndio ukubwa ambao njia yako inaubeba. Kisha rekebisha kwenye ruta, si kwenye kila kompyuta: ruta nyingi zina mpangilio wa kubana ukubwa wa vifurushi vya TCP vinavyoingia kwenye VPN.

Kama si kuganda bali ni uzito wa kudumu, tazama mnafungua nini. Programu za zamani za uhasibu zinazoweka hifadhidata nzima kwenye folda ya pamoja zilitengenezwa kwa watu wa jengo moja. Kuifungua hifadhidata hiyo kutoka Kigoma ni kuomba iharibike, maana laini ikikatika katikati ya kuandika, vitabu vya mwaka mzima vinaweza kukataa kufunguka. Msimu wa masoko ya tumbaku, wakulima wakisubiri malipo, huo si wakati wa kujua jambo hili. Mhasibu wa Kigoma aingie kwenye kompyuta iliyoko Tabora kwa njia ya kuitumia kutoka mbali, kupitia VPN, ili mafaili yasihame. Folda ya pamoja ibaki kwa nyaraka zilizokamilika, zinazonakiliwa na kufunguliwa upande wa pili.

Unapoongozana na mtu kwa simu

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni takribani kilomita 400 kwa reli, kwa hiyo kazi kubwa utaifanya kwa simu, na aliye upande wa pili kwa kawaida ana haraka na ameshachoka. Mazungumzo mazuri huwa kama haya:

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Pole na kazi. Hebu nisomee ile namba iliyo chini ya dirisha."

"Inasema tu imeshindwa."

"Bofya pale kwenye maelezo, itatokea namba. Taratibu, nakungoja."

"Sifuri, eksi, nane, sifuri, sifuri, saba, sifuri, sifuri, tatu, tano."

"Vizuri sana. Hapo jirani yako, mezani kwa karani, nako inagoma?"

Swali hilo la mwisho ndilo la thamani. Ikigoma kwa mmoja tu, tafuta kwenye kompyuta yake. Ikigoma kwa Kigoma yote, tafuta kwenye njia au kwenye faiwoli ya Tabora. Ikigoma hata Tabora, tafuta kwenye seva. Halafu uliza ilifanya kazi mara ya mwisho lini na nini kilibadilika tangu siku hiyo, na usiulize kwa sauti ya kumtafuta mwenye kosa; mtu aliyehofu kulaumiwa hatakwambia kwamba fundi wa kamera alikuja jana akachomoa waya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kijaribu, kama hakikusaidia kirudishe kama kilivyokuwa.

Kila unachokigundua kiandike kwenye karatasi moja: safu ya anwani ya kila ofisi, anwani ya seva na ya printa, aina ya ruta na ilipo, nani ana nywila zake, namba ya mteja kwa mtoa huduma, kanuni ulizoongeza kwenye faiwoli na tarehe. Nywila zenyewe zisiandikwe humo. Zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa ofisi. Karatasi ichapishwe nakala mbili, moja kabatini Tabora na nyingine kabatini Kigoma, na kila anayegusa ruta aongeze mstari wake kabla hajaondoka.

Wakati mnasubiri marekebisho, wengi hutuma mafaili kwa flashi ndani ya basi. Ikibidi kufanya hivyo, funga faili kwa nywila, na nywila itumwe kwa simu, isiandikwe kwenye bahasha. Flashi ikifika, ipimwe virusi kwenye kompyuta isiyounganishwa na seva kabla ya kufunguliwa.